Limbuko ni kikapu au ghala zima? Majibu kwa wasomaji

Kahawa imeanza kuiva huku Moshi, na maswali ya limbuko, yaani sadaka ya mazao au mapato ya kwanza, yameiva nayo. Haya ni machache niliyoweza kuyajibu.

"Nimepata kazi yangu ya kwanza Arusha. Kanisani tumeambiwa mshahara wa kwanza wote ni limbuko, ukila hata shilingi umemwibia Mungu. Nadaiwa kodi ya chumba Ngaramtoni, na mama kijijini ananitegemea. Nifanyeje?"

Mwanangu, fungua Kumbukumbu la Torati 26 usome mwenyewe. Mkulima anaambiwa atwae katika malimbuko ya ardhi yake, atie kikapuni, ampelekee kuhani. Kikapu, si ghala. Na kikapu hicho hakikupimwa. Chenye hesabu ni fungu la kumi. Mshahara mzima wa kwanza haukutajwa popote, hayo ni mapokeo ya watu. Nawajua walioutoa wote kwa furaha, tena wengi wao walikuwa bado wanakula na kulala kwa wazazi. Kumtisha binti anayedaiwa kodi ni habari nyingine kabisa.

Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Naye Paulo anasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa kadiri ya asicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Basi mshahara ukiingia, kabla hujamlipa mtu yeyote, tenga kile ulichokusudia moyoni. Kisha lipa kodi, mtumie mama. Ukikutana na anayetaka kuona hati yako ya mshahara ili apige hesabu ya sadaka yako, msalimie vizuri, upite.

"Mimi ni mkulima wa kahawa Kibosho. AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, hutulipa malipo ya awali, halafu ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Limbuko nitoe kwenye lipi?"

Kwenye ya awali, kaka. Limbuko hutolewa wakati mwisho wa msimu bado haujulikani, na hapo ndipo imani inapoingia. Walawi 23 inasema Waisraeli walipeleka mganda wa kwanza wa mavuno kwa kuhani, na kabla ya siku hiyo hawakuruhusiwa kula mkate wala bisi za nafaka mpya. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado imesimama. Nzige au mvua mbaya vingeweza kuja kesho yake. Anayengoja malipo ya pili ili ajue kama "imelipa" anatoa shukrani, nayo ni njema, ila limbuko limempita. Ila usitoe kwa mkopo wa kutegemea hayo ya pili, maana bei ya kahawa unaijua.

Nawe uliyeniuliza kama unaweza kupeleka debe la kahawa mbivu kanisani Jumapili: hapana. Kahawa inataka kumenywa siku ileile iliyochumwa, na ibada zetu unazijua urefu wake. Peleka fedha.

"Baba anataka mkungu mkubwa wa ndizi uende mnada wa kanisani, mama anasema mkubwa ubaki nyumbani. Nani yuko sahihi?"

Mimi na mama yako hatugombani, yeye ndiye anayewalisha. Lakini katika Mwanzo 4 Habili alileta wazao wa kwanza wa wanyama wake na sehemu zao zilizonona. Kwa Kaini tunaambiwa tu "mazao ya ardhi". Si lazima uwe mkubwa kuliko yote shambani. Uwe umekomaa. Msichukue ule mkungu wa mshare, ndizi ya kupika, ulioangushwa na upepo kabla haujakomaa, vidole vyembamba vyenye kona kali; pale mnadani kila mtu anaujua, na anayeununua anaununua kwa kumwonea Mungu aibu.

"Naweza kumpa jirani yangu mjane badala ya kupeleka kanisani?"

Unaweza. Kumbukumbu la Torati 26:12 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu wapewe Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale hapo malangoni. Hakikisha tu hujamkumbuka mjane kwa sababu umekosana na mchungaji.

"Nauza mitumba Kiborloni. Kanisa likikusanya nguo za yatima napeleka zile zilizokataa kuuzika. Ni vibaya?"

Inategemea zimekataa kwa nini, dada. Kama ni rangi au mtindo uliopitwa, peleka bila wasiwasi. Kama zipu imekufa na kwapa limechanika, Malaki 1:8 inakuhusu: watu walileta wanyama vipofu na vilema, wakaambiwa wakampe liwali wao waone kama atapokea. Safari ijayo ukifungua robota, chomoa nguo mbili tatu za watoto kabla wateja hawajaanza kuchambua. Zilizochanika wauzie mafundi gereji, wao wanatafuta matambara kila siku.