Bahari imebadilika, au mpimaji? Maswali na majibu kuhusu kufuatilia mali za pwani

Karibu barua zote za safari hii zinazunguka jambo moja: namba za mwaka huu hazifanani na za mwaka uliopita, na mwandishi hajui alaumu bahari au daftari. Tunajibu saba.

Kikundi chetu kina tepu mbili za mita 50, miwani ya kuzamia na kalamu za risasi. Tunataka kufuatilia matumbawe. Tuanzie wapi?

Vifaa hivyo vinatosha. Tandazeni mstari wa mita 100 mkifuata kina kilekile mwanzo hadi mwisho, kwa sababu matumbawe ya mita 3 si yale ya mita 10. Pimeni vipande vinne vya mita 20, mkiruka mita 5 kati ya kipande na kipande. Kila nusu mita andikeni kilichopo chini ya tepu: tumbawe gumu lililo hai, tumbawe laini, mwani, sponji, mwamba mtupu, vifusi au mchanga. Mtapata pointi 40 kwa kipande, 160 kwa jumla. Pointi 48 zikiangukia tumbawe gumu lililo hai, hiyo ni asilimia 30. Ndivyo wanavyopima watu wa Reef Check, mtandao wa kimataifa wa kufuatilia matumbawe, tangu 1997, hivyo namba zenu zitaweza kusimama kando ya za kwingine.

Mahali panapoharibika ni pawili. Kwanza ni tepu inayoyumba na mkondo. Ikiyumba, jicho huchagua tumbawe zuri lililo karibu bila mtu kukusudia. Shusheni timazi ndogo kutoka alama ya nusu mita, na kile inachogusa ndicho mkiandike, hata kama ni mchanga mtupu pembeni ya tumbawe kubwa. Pili ni kurudi. Kifaa cha GPS cha mkononi hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa kwenye mwamba ni mwamba mwingine kabisa. Pigilieni vipande vya nondo kwenye mwamba uliokufa, kimoja kila mita 10 hivi, na tepu ipite juu yake kila mwaka.

Kabla ya msimu wa kupima, watu wawili wapime mstari mmoja siku moja bila kuoneana karatasi. Wakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, rudieni mafunzo kwanza. Na kwa pointi 160 tu, kushuka kutoka asilimia 30 hadi 27 hakujathibitisha kitu. Ongezeni mistari, au subirini muone kama mwelekeo unaendelea mwaka wa tatu na wa nne.

Matumbawe yetu yamekuwa meupe. Tuandike kwamba yamekufa?

Hapana, bado. Joto likizidi, tumbawe huwatoa vijimea wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Nyama inabaki, lakini haina rangi, na mifupa meupe inaonekana kupitia ngozi yake. Sogea karibu: ukiona vinywa vidogo na utelezi wa nyama, lingali hai na linaweza kupona maji yakipoa mapema. Lililokufa huvaa ukungu wa mwani wa kijani au kahawia baada ya siku chache au wiki. Kwa hiyo kwenye karatasi tengeni safu tatu: zima, jeupe lililo hai, lililokufa karibuni. Mkizichanganya, hamtajua kamwe ni mangapi yalipona. Pimeni wakati weupe umefika kilele, kisha rudini miezi michache baadaye. Ziara moja haitoshi.

Hakikisheni pia kwamba weupe umeletwa na joto. Kiti cha pweza chenye miiba mingi hula nyama ya tumbawe na kuacha kovu jeupe lenye mpaka mkali, mara nyingi kwenye matumbawe machache huku jirani zake wakiwa salama. Joto huenea mwamba mzima.

Tunaweka kipimajoto cha kujirekodi. Kisome kila muda gani?

Kila dakika 30 au kila saa. Kifungeni chini, kivulini, kwa maana jua la maji mafupi hupasha joto ganda la kifaa na mkasoma joto la plastiki. Kabla ya kukizamisha na baada ya kukitoa, kitumbukizeni kwenye ndoo ya barafu nyingi na maji baridi yasiyo ya chumvi, koroga, na kinapaswa kusoma karibu na nyuzi 0. Kisiposoma hivyo, andikeni tofauti. Hatari kwa matumbawe huanza kuhesabiwa maji yanapozidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote. Kila wiki ya namna hiyo, jumlisheni nyuzi zilizozidi wastani huo. Jumla ikifika 4, tarajieni kupauka kwa wazi. Ikifika 8, tarajieni vifo.

Mwaka jana tulipima kilo 400 za samaki kwa siku bandarini. Mwaka huu ni 600. Samaki wameongezeka?

Swali la kwanza ni vyombo vingapi. Kama kilo 400 zilitoka kwa vyombo 20, kila chombo kilipata kilo 20. Kama 600 zimetoka kwa vyombo 40, kila kimoja kimepata 15. Samaki waliofika nchi kavu ni wengi, lakini bahari inampa kila mvuvi kidogo kuliko jana. Ndiyo sababu uzito peke yake hausemi kitu. Ugaweni kwa juhudi: chombo, idadi ya wavuvi, saa za kuvua. Na kila zana ibaki na hesabu yake. Kilo za mtego na kilo za mshipi hazijumlishwi.

Kuna kosa jingine ambalo tunaomba mliangalie sana. Wavuvi waliorudi bila kitu hupita moja kwa moja kwenda nyumbani, hawafiki kwenye mizani. Msipowaandika, wastani wenu utakuwa wa waliobahatika tu. Siku za kupima zichaguliwe kabla, kwa kura, wala si siku mliyosikia samaki wamejaa.

Hata wastani ukibaki palepale, ulizeni wanavua wapi. Chombo kilichopata injini na kwenda mbali kitaleta kilo zilezile huku maeneo ya karibu yakiwa yamekwisha. Na samaki wanaokusanyika kwa makundi huendelea kunaswa vizuri hadi kundi la mwisho. Kwa hiyo pimeni na urefu: aina tatu au nne zinazovuliwa zaidi, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Wengine hupima hadi penye uma wa mkia. Njia zote mbili ni sawa, ila mkizichanganya, samaki wenu watafupika kwa karatasi tu. Samaki wanapozidi kuwa wadogo mwaka hadi mwaka kwa zana ileile, hiyo ni dalili ambayo kilo zinaweza kuficha.

Mkoko una mizizi inayoanzia juu ya kifua changu. Unene naupima wapi?

Miti mingine pimeni mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi ya kujiegemeza upimwe sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Zungusha tepu, gawanya mzingo kwa 3.14, upate kipenyo. Chora pete ya rangi palepale ulipopima, kwani mzizi mpya ukiota juu zaidi, mpimaji wa mwaka ujao atahamisha kipimo na mti utaonekana umekonda. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3, pima kila shina. Miche ihesabiwe kando: miche mingi haimaanishi msitu umerudi, maana mingi hufa.

Na nyasi bahari?

Mistari mitatu ya mita 50, kutoka ufukweni kwenda majini, ikiachana mita 25. Kila mita 5 weka fremu ya sentimita 50 kwa 50, yaani fremu 33. Kadiria asilimia iliyofunikwa, piga picha, taja aina. Rudini mwezi uleule, kwa kuwa nyasi hupungua na kuongezeka kwa misimu.

Nimelinganisha picha mbili za satelaiti. Ufuo umerudi nyuma mita 20 kwa miaka kumi. Niwatangazie watu?

Subiri. Kama picha ni za satelaiti za Landsat, kila doa linalounda picha lina upana wa mita 30, kwa hiyo mita 20 haijafika hata doa moja. Satelaiti ya Sentinel-2, inayopiga picha tangu 2015, ina madoa ya mita 10, lakini tatizo la pili linabaki: maji. Kwenye ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, maji yakipungua kimo cha mita 1 tu, ukingo wake husogea mita 20. Picha moja ya maji kujaa na nyingine ya maji kupwa zinatosha kuzaa habari yako yote. Tafuta saa ya kila picha kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, au fuata mstari wa mimea ya juu badala ya ukingo wa maji.

Kisha nenda chini ukapime. Fito mbili za mita 1.5 zenye alama za sentimita, zikiachana mita 2 na kusogezwa hatua kwa hatua kuelekea majini, kuanzia kwenye jiwe au nguzo isiyohama. Ardhi ikishuka kuelekea majini, simama nyuma ya fito ya bara, linganisha ncha ya fito ya majini na upeo wa macho, kisha soma ni wapi mstari huo unakata fito ya bara. Sentimita kutoka ncha hadi hapo ndizo ufuo ulizoshuka. Ardhi ikipanda, fanya kinyume: chungulia juu ya ncha ya fito ya bara, usome fito ya majini. Rudia kila mwezi, na baada ya kila dhoruba. Andika usomaji wa kila hatua kama ulivyo, si jumla peke yake, ili kosa la hatua moja liweze kusahihishwa bila kutupa siku nzima.