Stellarium kwa anayeanza Lamu na Malindi: rekebisha mahali, saa na upeo kwanza

Aliyepakua Stellarium, programu ya kompyuta inayochora anga la nyota, jana hukimbilia mapya yake: rangi za machweo, orodha za kupatwa kwa jua, kalenda, satelaiti. Toleo la 1.0, lililotoka Oktoba 2022, na yaliyolifuata yana mengi ya kuvutia. Lakini yote hayo huhesabiwa kutokana na mahali, saa na upeo wa macho. Ukikosea kimojawapo programu haitakugombeza. Itakuchorea anga safi kabisa, ila si la kwenu. (Mwenye kompyuta kuukuu ya Windows 7 atafute kifurushi chenye jina Qt5, kwani kile cha Qt6 hakitafunguka; hayo ni majina ya msingi uliotumika kuijenga programu.)

Bonyeza F6. Programu hupenda kukisia mahali kwa kutumia mtandao, na intaneti ya simu mara nyingi hukuweka Nairobi. Zima ukisiaji huo. Kwa Lamu andika latitudo 2°16′ kusini na longitudo 40°54′ mashariki; kwa Malindi 3°13′ kusini na 40°07′ mashariki. Kisha weka tiki ya kufanya mahali hapo pawe pa kudumu, la sivyo kesho utaamkia Nairobi tena. Kati ya Nairobi na Lamu kuna takriban nyuzi 4 za longitudo, na kila uzi ni dakika 4 za saa. Kwa hiyo nyota itakayopita juu ya Lamu saa fulani, programu iliyoachwa Nairobi itakwambia bado dakika 16. Ukanda wa saa uwe Africa/Nairobi, na tiki ya saa za majira ya joto iondolewe, huku hatuna.

Saa nayo ina mtego wake. Programu inasoma saa 24 kuanzia usiku wa manane. Saa moja hadi saa tano usiku, jumlisha 18: saa mbili usiku ni 20:00. Saa saba usiku ni 01:00, na hapo tarehe imeshabadilika. Mzee akikwambia usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya pwani anamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa hiyo kabla ya saa sita tarehe ya kuandika kwenye F5 ni ya Alhamisi. Ukitaka kurudi sasa hivi, bonyeza 8.

Upeo ndio unaopuuzwa zaidi. Mandhari ya mwanzo ni ya Guéreins, Ufaransa, yenye miti inayoficha nyota za chini. Fungua F4, nenda kwenye mandhari, uchague Ocean. Hiyo inafaa ukiwa ufuo wa Shela unatazama baharini, au Malindi ukitazama mashariki. Haifai kwa magharibi, ambako jua letu linatua nyuma ya minazi, mapaa na vilima vya mchanga. Huko tengeneza upeo wako mwenyewe. Ngumi iliyonyooshwa mbali na uso ni kama nyuzi 10. Simama mahali utakapotazamia, zunguka na dira, na kila nyuzi 15 andika pembe ya upande na urefu wa kizuizi: 270 6, mstari unaofuata 285 9, na kuendelea mpaka umalize mzunguko. Kaskazini ni 0, mashariki ni 90. Faili hiyo iite upeo.txt. Pembeni yake weka landscape.ini yenye mistari hii:

[landscape]
name = Kwetu
type = polygonal
polygonal_horizon_list = upeo.txt
polygonal_horizon_list_mode = azDeg_altDeg

Zote mbili ziwe ndani ya folda moja isiyo na nafasi katika jina, na folda hiyo iwe ndani ya folda ya landscapes ya data zako: kwenye Linux ni ~/.stellarium/landscapes, kwenye Windows ni %APPDATA%\Stellarium\landscapes. Mandhari isipojitokeza, kwa kawaida Notepad imeongeza .txt nyuma ya landscape.ini bila kukuonyesha.

Sasa mwezi mwandamo. Programu-jalizi ya kalenda huwashwa kwenye F2: weka tiki ya kupakiwa mwanzoni, funga programu, fungua tena. Wengi husahau kufunga na kufungua, wakadhani imeharibika. Tarehe ya Hijria inayoonyeshwa ni ya hesabu tu, na inaweza kutofautiana kwa siku moja na mwezi ulioonekana kwa macho. Usiipeleke msikitini kama ushahidi. Cha manufaa zaidi ni kuweka saa ya machweo, kubofya Mwezi, na kusoma umbali wake wa pembe kutoka kwa jua. Ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi, usipoteze jioni yako. Ukizidi hapo, linganisha urefu wake na ule upeo uliouchora: hilali ya nyuzi 5 iliyo nyuma ya mnazi wa nyuzi 6 haionekani. Darubini isielekezwe huko kabla jua halijazama lote.

F10 ina orodha za kupatwa. Jaribu tarehe 2 Agosti 2027: kupatwa kamili kutapita Misri na ncha ya Somalia, lakini kwetu ni kwa sehemu tu. Soma orodha ya kupatwa kwa mahali ulipo, si ile ya dunia nzima.

Kwenye mipangilio ya hewa ndani ya F4, kiwango cha kufifiza mwanga huanza na 0.13, ambacho ni cha hewa kavu na safi. Kwa unyevu wa pwani anza na 0.25, halijoto 28. Kwenye urefu wa nyuzi 10 tofauti hiyo inafifiza nyota kwa karibu 0.7 kwenye kipimo cha mng'ao (magnitudo). Galaksi ya M81 haipandi zaidi ya nyuzi 19 Lamu, kwa hiyo itazame inapovuka kaskazini tu. Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota cha kusini, hufika karibu nyuzi 45. Hiyo ndiyo zawadi ya kukaa huku.

Kwa darubini ya Dobson (ya kioo, yenye stendi sahili ya kusukumwa kwa mkono) ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi 1200, lenzi ya jicho ya milimita 25 yenye uwanja wa nyuzi 52 hukuza mara 48 na kuonyesha kama uzi mmoja wa anga. Ingiza namba hizo kwenye programu-jalizi ya Oculars, weka tiki za kugeuza picha pande zote mbili, kisha Ctrl+O. Stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, hatukushauri: ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 2 tu juu ya upeo wa Lamu, na stendi nyingi hazishuki hapo.

Satelaiti nazo. Satelaiti ya Uhuru iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 usiitafute, ilishaanguka 1979. Kituo cha Anga cha Kimataifa kipo, ila namba zake za obiti zikipita wiki moja, kinaweza kupita kabla hujainua kichwa. Zisasishe ungali na mtandao, kabla ya kuvuka kwenda Kiwayu.