Shangazi wa Ngamiani: watoto sita, cherehani moja na joto la Desemba

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina watoto wanne: binti wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba, wavulana wawili wa miaka 11 na 8, na kitinda mimba wa miaka 3. Shule zimefungwa, wote wapo nyumbani. Wiki ijayo inaninyima usingizi. Nina oda 26 za sare za shule, na wenyewe wanazitaka kabla ya Krismasi. Jumatatu mama mkwe anakuja kutoka Handeni kwa ajili ya kliniki ya presha, na anakuja na watoto wawili wa shemeji. Jumamosi kuna harusi upande wa mume wangu, na wifi kaniletea vitenge vya sare ya watu 7, nishone bila hela kwa kuwa ni mambo ya nyumbani. Mume wangu ni dereva wa lori, atarudi Ijumaa usiku. Joto nalo ni lile la kulala na kanga iliyoloweshwa maji. Nashukuru binti yangu ananisaidia: anapika, anafua, anamwogesha mdogo wake, na akimaliza ananiwekea vifungo. Lakini juzi alinijibu vibaya, nikampiga kofi. Alilia mpaka akalala bila kula. Tangu siku hiyo sina raha. Nifanyeje niimalize wiki hii bila kugombana na watoto?*
*Mama Cherehani, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihesabu. Binti yako umemtaja kwa kupika, kufua, kuogesha na vifungo. Wavulana umewataja kwa umri tu. Hapo ndipo wiki yako inapovuja.

Kwanza, leo jioni, kabla ya jambo lingine lolote, mwite binti yako pembeni umwambie kofi lile hakustahili. Usimweleze uchovu wako, usimkumbushe alivyokujibu. Mwambie hivyo tu, kisha kaeni mle pamoja. Mtoto wa miaka 13 anayeendesha nyumba ya watu watano kwenye likizo yake mwenyewe hakukujibu kwa jeuri. Alikujibu kwa kuchoka.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilikuwa nachoma vitumbua hapa Ngamiani, Tanga, na Desemba ndio mwezi wa biashara. Naamka saa 9 usiku, nakaa kwenye jiko mpaka jua linatoka, na huku naita: we fulani leta maji, we fulani angalia mtoto, we fulani kimbia dukani sukari imeisha. Mwaka mmoja mama yangu alikuja kutoka Pangani kunitembelea. Alikaa kwenye kigoda chake, kimya, anapeta mchele. Kulipokucha akaniambia, "Tangu alfajiri unaita. Hawa watoto unawatuma, hujawakabidhi kitu."

Nilikasirika, maana sikumwelewa. Baadaye nikaelewa. Mtoto anayetumwa anasubiri kuitwa tena. Akili yote ya kazi inabaki kwako: wewe ndiye unayejua maji yamepungua, wewe ndiye unayekumbuka sukari. Miguu ni yake ila kichwa ni chako, na kichwa ndicho kinachochoka. Mtoto aliyekabidhiwa, kazi ni yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na kuikumbuka ni juu yake.

Nilianza na mwanangu wa pili, alikuwa na miaka 11 kama wako. Nikamkabidhi maji. Sikumwambia achote. Nilimwonyesha pipa na ndoo tatu za lita 20, nikamwambia bomba la mtaani linatoka alfajiri na kufikia saa 2 limekauka, na pipa linasuguliwa kila Jumamosi kwa mchanga na sabuni. Kisha nikanyamaza. Siku ya kwanza alikwenda kucheza mpira. Magharibi nikafunua pipa, chini kuna maji ya kuloweka kiganja. Ulimi uliniwasha, Mungu ni shahidi. Lakini sikusema neno. Nilimpa kila mtu kata moja ya maji ya kujifutia jasho, na yeye nikampa yake sawasawa na wenzake. Watu walilala wananata, na usiku huo kaskazi haikuvuma kabisa. Kesho yake saa 11 nilisikia ndoo zinagongana uani. Nikachungulia dirishani: ni yeye, peke yake, kaptula ya jana, anapanga foleni gizani. Tangu siku ile sikutaja tena neno maji kwenye nyumba yangu.

Kwa hiyo huyo wa miaka 11 mpe maji, yote, hata ya kufulia na ya wageni. Wa miaka 8 mpe nazi na vyombo vya mchana. Usiniambie ni mdogo. Mkalishe kwenye mbuzi, kaa nyuma yake siku moja, shika mikono yake: nusu ya nazi inashikwa kwa viganja viwili, inazungushwa kidogo kidogo, na anaacha mara tu anapoona weupe umeanza kuingia rangi ya kahawia, la sivyo tui linakuwa na taka za kifuu. Atajikwaruza kidole mara moja. Baada ya hapo atakuwa anakuna nazi vizuri kuliko wewe, na atajisifu kwa watoto wa Handeni. Na hao wa Handeni wakifika, siku hiyohiyo nao wapate chao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wakubwa wetu, nami kwa watoto sisubiri hata hiyo ya tatu, kwa sababu mtoto asiye na kazi kwenye nyumba yenye kazi hujiona hayumo.

Binti yako mwondoe jikoni mchana. Kuanzia saa 8 hadi saa 10 jioni asiguswe na mtu: alale, asome, aende kwa rafiki yake. Na vifungo, mlipe. Piga hesabu ya shati moja una faida gani, umkatie chake kwa kila shati analomaliza vifungo na pindo. Akifika sekondari Januari awe na hela yake ya daftari aliyoitoa kwenye vidole vyake. Ada ya shule ya serikali haipo, lakini wewe fundi unajua kuliko mimi vitu vingine vinavyotakiwa.

Kuhusu wifi nitasema wazi, na najua hutalipenda. Sare za watu 7 ni siku mbili za fundi. Sikwambii ukatae, maana ni nyumba ya mumeo na harusi ni harusi. Mpigie leo umwambie: "Wifi, nitashona Jumatano na Alhamisi, na siku hizo mbili wewe njoo upike hapa kwangu, watu wale, mimi nisinyanyuke kwenye mashine." Akija, mmesaidiana. Akisema hana nafasi, basi na wewe nafasi huna, na vitenge avipeleke kwa fundi mwingine mapema, Jumatatu, sio Ijumaa. Na oda mpya usipokee hata moja. Bandika karatasi mlangoni.

Kushona anza saa 11 alfajiri, kabla bati halijapata moto. Pasi piga saa hizo hizo. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri usijilazimishe: mkono wenye jasho unachafua shati jeupe, na kola ikipinda utaifumua usiku. Siku moja kata vitambaa vyote, siku inayofuata shona kola zote kwa mkupuo. Haya unayajua, nakukumbusha tu kwa kuwa mtu akizidiwa huanza kushona nguo moja moja kama anayeanza ufundi.

Mama mkwe usimweke kwenye kiti kama mgeni wa serikali. Mtandikie mkeka kwenye kivuli, mpe kitinda mimba. Bibi aliyetoka Handeni na hadithi zake akisema "Paukwa!" na mtoto wa miaka mitatu akajibu "Pakawa!", hapo wewe umepata saa nzima ya mashine, na yeye kapata alichokijia zaidi ya kliniki. Asubuhi ya kliniki binti yako ndiye amsindikize bibi yake. Ni matembezi kwake.

Mumeo mpigie simu kabla hajafika. Mwambie Jumamosi asubuhi watoto ni wake, kuwaogesha na kuwavisha wote sita, ili wewe uoge kwa utulivu na uende harusini ukiwa umependeza. Ukimsubiri mlangoni Ijumaa usiku, umechoka na yeye kachoka, maneno hayo hayo yatatoka kama ugomvi.

*Shangazi, kipindi hiki cha joto chakula kinaniharibikia. Napika maharage ya nazi jioni ili yatoshe na asubuhi, nikiamka yamechacha. Friji sina. Nifanyeje?*
*Msomaji wa Kilwa*

Tui ndilo linalowahi kuchacha. Chemsha maharage kwa maji na chumvi tu. Chota ya kula usiku huo, hayo ndiyo uyaunge kwa tui. Yanayobaki yachemshe tena mpaka yatokote, funika, na asubuhi kabla ya kuyaunga yatokote tena. Kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye sufuria. Ila yakishatoa povu na harufu, mwaga. Kuchemsha hakuyarudishi.

Nakwambia kwa uchungu, kwa sababu Desemba moja niliona hasara kumwaga, nikayachemsha, nikawapa watoto. Mdogo aliharisha usiku kucha, na kulipokucha macho yamezama. Ikikutokea na huna pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1, tia sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, koroga, mpe kidogo kidogo kila anapoharisha. Chumvi isizidi hapo. Kama mtoto ana damu kwenye choo, hakojoi, analegea au hawezi kunywa, usikae kukoroga sukari, mbebe mpeleke zahanati. Huko waulize pia vidonge vya zinki.

*Shikamoo Shangazi. Wajukuu wanakuja Tanga kutoka Dodoma, hawajawahi kuiona bahari. Niwapeleke siku gani na saa ngapi?*
*Babu wa Chumbageni*

Marahaba kaka yangu, ingawa nadhani tumekaribiana umri. Tazama mwezi kwanza. Ukiwa mpevu au mchanga ni bamvua: asubuhi karibu saa 4 maji yamekupwa mbali, na alasiri yanajaa kwa nguvu, tofauti yake ni mita 3 na zaidi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ya Jumatatu usiyatumie Ijumaa. Kwa watoto wasiojua kuogelea chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Nenda nao jioni jua likishapoa, uwe nao wewe mwenyewe, maji yasiwapite magoti, na mbebee kila mmoja nguo kavu na embe dodo moja, maana watatoka wana njaa ya ajabu.