Maswali yenu ya jikoni: maharage yanayomaliza gesi, tui linalokatika, na sahani ya jirani

Wiki hii mmenitumia maswali mengi mpaka raha, na karibu yote yanahusu chakula cha kula na wenzako, sio cha kula peke yako chumbani. Hicho ndo chakula ninachokipenda mimi, cha siku za kawaida, hakisubiri Idi wala Krismasi. Haya tuanze.

"Niko Kimara, tunapika watu wanne geto. Mtungi wetu mdogo wa gesi hauchukui muda, na adui mkubwa ni maharage. Tufanyeje?"

Mdogo wangu, maharage hayapikwi siku ileile uliyoyakumbuka, maharage yanaanza jana yake. Yachambue, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi maana yanavimba, asubuhi mwaga yale maji weka mapya. Hapo umeshaokoa gesi nyingi. Yakianza kuchemka yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, usikimbilie kupunguza moto, kwasababu maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo moto wa chini chini hauimalizi na mtu anaweza kutapika vibaya sana. Baada ya hapo ndo unapunguza, unafunika, unaendelea na shughuli zako.

Alafu kuna kitu wengi wanafanya, wanatupia nyanya mapema maharage yakiwa bado magumu. Nyanya na ndimu zina uchachu na uchachu unayakaza, utachemsha mpaka ukate tamaa. Subiri yaive kabisa ndo uunge. Chumvi haina shida hiyo, msiiogope. Magadi yanalainisha kweli ila yanaharibu vitamini B1 na yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, kwahiyo kama umeloweka vizuri achana nayo. Na kama umeloweka vizuri na bado hayaivi basi umeuziwa maharage ya zamani, badilisha duka.

Mkiweza changeni mnunue presha kuka, kwa watu wanne inajilipa yenyewe. Kama hela bado, ongeeni na geto la jirani mchemshe kilo moja nzima kwa pamoja mgawane yakiwa matupu, kila chumba kikaunge kwake kinavyotaka. Moto unaoivisha nusu kilo unakaribiana sana na unaoivisha kilo, sasa kwanini muwashe mara mbili?

"Chapati zangu zikitoka jikoni ni laini, nikifika nazo ofisini saa nne wenzangu wanavuta kwa meno. Nakosea wapi?"

Dada, mara nyingi tatizo ni maji machache. Watu wanaogopa unga kunata mikononi basi wanaongeza unga, wanaongeza unga, mpaka donge linakuwa gumu, na donge gumu likitoka motoni linadanganya kwa sababu ya joto tu, likipoa ndo unaona rangi yake halisi. Kwa kilo moja ya unga wa ngano mi naweka mafuta vijiko vya chakula 4, chumvi kijiko cha chai na nusu, maji ya uvuguvugu kama mililita 600 ila namimina kidogo kidogo maana unga hautofautiani kwa jina tu, kila mmoja unakunywa maji kivyake. Kanda dakika 10 za kweli. Mwanzoni litakung'ang'ania vidole, vumilia, linajiachia lenyewe.

Funika lipumzike nusu saa. Hapa msinifanyie haraka jamani, donge lisilopumzika ukilisukuma linarudi, unalisukuma linarudi, na ukilazimisha ndo unapata ile chapati ya kuvuta kwa meno. Kata madonge (kilo inatoa kama 18 hadi 20), sukuma, paka mafuta, viringisha kama kamba alafu zungusha kama konokono, pumzisha tena robo saa ndo usukume ya mwisho. Fraipani iwe ya moto. Chapati ikikaa muda mrefu kwenye moto mdogo inakauka badala ya kuiva. Igeuze kavu pande zote mbili mpaka ianze madoa, ndo upake mafuta, na ikitoka tu weka kwenye hotpoti yenye kitambaa safi, rundika juu ya mwenzake ufunike, ule mvuke ndo unaozilainisha. Ukiziacha kwenye sahani upepo uzipige, hata uwe fundi wa namna gani saa nne zitakuwa ngumu.

"Nimeolewa Tanga, mimi ni mtu wa Dodoma. Mchuzi wangu wa samaki wa nazi tui linakatika kila mara na wifi zangu wanaangalia."

Pole wifi yetu, hili linarekebishika leo leo. Tenga matui mawili. La kwanza zito, kamua na maji kidogo ya vuguvugu, weka pembeni usiliguse. Ukikamua tena mara ya pili na ya tatu unapata jepesi, hilo ndo la kupikia, weka na nyanya, vitunguu, bizari, samaki wako uliyemkaanga, chemsha mpaka viungo vikolee. Mwishoni kabisa punguza moto, mimina lile zito, na kuanzia hapo mkono usitoke kwenye upawa, koroga taratibu bila kuacha, usifunike, likianza tu kutokota epua. Tui linakatika kwa moto mkali na kuachwa bila kukorogwa. Ndimu kamulia baada ya kuepua, sio kabla. Hata tui la kopo ni hivyohivyo.

Na hao wifi usiwakimbie, mwite mmoja jikoni akuonyeshe anavyofanya yeye, Tanga watu wanajua nazi na wanapenda kufundisha.

"Wali uliolala kwenye sufuria mezani unafaa kwa chai asubuhi? Tumekula hivi toka utoto."

Najua, na chai ya kiporo nami naipenda sana, ila wali wa kulala mezani hapana. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wali ukichemka, usiku kwenye joto letu hili la Dar zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo ukipasha moto haiondoki. Wali wa nazi unawahi zaidi kuharibika. Ukishakula, tandaza uliobaki kwenye sinia upoe haraka, weka kwenye friji ndani ya saa moja, usizidishe mbili, kesho upashe mara moja tu mpaka ufuke moshi. Huna friji? Pima mchele wa kuisha, au ukibaki gawa kwa jirani usiku huohuo ukiwa bado wa moto.

"Niko Hamburg, Jumapili tunakula pamoja, mimi Mtanzania, mmoja wa Bukavu, mwingine wa Bujumbura. Zamu yangu nataka kisamvu, kila mmoja anasema cha kwao ndo chenyewe."

Swali hili limenifurahisha kweli. Kisamvu utakipata maduka ya Waafrika kwenye mafriza, kimeshatwangwa, mara nyingi pakiti imeandikwa pondu au saka-saka. Kutwangwa sio kuiva, kumbuka. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na inayoitoa ni kutwanga vizuri kisha kuchemsha bila mfuniko, kwahiyo maji mengi, sufuria wazi, dirisha wazi, saa moja na kuendelea mpaka ile harufu ya majani mabichi iishe kabisa na ukionja hakikwaruzi kooni.

Kikishaiva ugomvi wenu tumalize hivi: gawa sufuria mbili. Moja unga kwa vitunguu, karanga za kusaga na tui zito, hicho cha kwetu. Nyingine weka mawese na vitunguu, na kama mwenzako wa Bujumbura ana ndagala wakavu aje nao watumbukie humo. Ni dagaa walewale wa Kigoma, ziwa ni moja la Tanganyika. Wa Bukavu mpe kazi ya ugali. Ila uliza mapema kama kuna asiyekula karanga, mzio wa karanga unaweza kuua mtu, hivyo upawa wa sufuria ya karanga usihamie kwenye ile nyingine hata kidogo.

"Jirani yangu hapa Morogoro ananiletea vyakula vizuri, mi nina dagaa tu. Naona aibu kurudisha sahani."

Rudisha na dagaa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu ila hakuna aliyesema kirudi na kuku. Watoe vichwa, na kama ni wa Mwanza wengi wanaanikwa kwenye mchanga, kwahiyo waoshe kwa maji ya moto mara tatu, wachote kwa mkono kutoka juu na usimimine bakuli lote, mchanga unabaki chini. Wakaushe, wakaange mpaka ukiwatikisa walie kwenye kikaango, weka vitunguu vingi, nyanya, ndimu, pilipili moja nzima isiyopasuka. Mpelekee wa moto. Atauliza umewapikaje, na hapo ndo urafiki unanoga.

"Marafiki 20 wanakuja, nataka pilau. Vipimo tafadhali."

Mchele kilo 3, nyama kilo 2 na nusu mpaka 3, vitunguu kilo 1, bizari nzima vijiko vya chakula 3 hadi 4, mdalasini vijiti 4, iliki na karafuu kiasi cha kiganja, pilipili manga, tangawizi na saumu za kutosha. Usichange hela ukanunua kila kitu mwenyewe, gawa: huyu vitunguu, huyu nyama, huyu ndizi na tikiti. Chemsha nyama, tunza supu. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu, vikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea, hapo usiondoke hata kupokea simu maana kutoka kahawia kwenda kuungua ni kufumba na kufumbua. Mchele wa Kyela au Magugu, supu vikombe 2 kwa kikombe 1 cha mchele, basmati iliyolowekwa kimoja na nusu kinatosha. Supu ikikaribia kukauka geuza mara moja, funika, punguza moto wa chini, palia mkaa juu ya mfuniko. Kachumbari katakata mapema ukitaka ila chumvi na ndimu weka watu wakishanawa, ukiwahisha inachuja maji na kulegea yote.