Alama ya = si ya kuunganishia mistari

Kwenye tuisheni ninayofundisha hapa Makorora, Tanga, kitu cha kwanza ninachokagua kwenye daftari ni alama ya =. Jibu nalitazama baadaye. Mwanafunzi amepewa hesabu ya machungwa ya Muheza: mafungu 3 asubuhi, mafungu 4 jioni, kila fungu shilingi 2,000. Anaandika 3 + 4 = 7 × 2,000 = 14,000. Jibu amepata, lakini hebu usome alichoandika: 3 + 4 ni sawa na 14,000! Wazazi, msiridhike na vema ya mwalimu, someni na mistari ya katikati.

Robert Recorde wa Wales, aliyeibuni alama hii mwaka 1557, alichora mistari miwili yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Kushoto na kulia kwake ikae thamani ile ile. Haina maana ya “kisha nikafanya hivi”.

Kulingana kwa milinganyo ni jambo jingine. 2x + 3 = 11 na x = 4 inalingana, kwa kuwa thamani ya x inayoutimiza mmoja ndiyo inayoutimiza mwenzake. Usiweke = kati yake, maana 11 si 4. Upe kila mlinganyo mstari wake, au tumia ⇔, mshale wa ncha mbili: wa kwanza unakupeleka kwa wa pili, na wa pili unakurudisha kwa wa kwanza.

Kwenye kurudi ndiko wanakokwama hata wa kidato cha nne. Chukua x = √(x + 6). Ukipandisha pande zote kwa kipeo cha pili unapata x² = x + 6, wenye majibu 3 na −2. Sasa jaribu −2 kwenye mlinganyo wa mwanzo: kushoto −2, kulia √4, yaani 2. Haikubali. Kipeo cha pili kimefuta alama ya hasi na kuzaa jibu lisilokuwepo, kwa hiyo hapo mshale uwe wa ncha moja tu, ⇒, na kila jibu lirudishwe mwanzo likapimwe.

Kugawanya nako hupoteza majibu. Ukigawanya x² = 5x kwa x, unabaki na x = 5, na 0 imekwenda. Andika x(x − 5) = 0, utayapata yote mawili.