Kokteli za Runingani Katika Glasi za Nairobi: Maswali Yenu na Majibu

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji wanaotaka kutengeneza nyumbani vinywaji walivyoviona kwenye vipindi vya runinga, yaani kokteli zilizobuniwa na waandishi wa hadithi wala si na wachanganyaji wa baa. Msimamo wangu ni huu: mwandishi wa kipindi hutupa jina, rangi na kisa, lakini ladha hutuachia sisi tuitafute, na mtu anayeishughulikia rangi peke yake huishia kuwapa wageni maji matamu yenye sura nzuri.

Swali kutoka Kilimani: Mimi na wenzangu tunaipenda The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ile hadithi ya kuchekesha ya safari za angani. Je, kokteli yake, Pan Galactic Gargle Blaster, inaweza kutengenezwa ilhali viungo vyake havipo duniani?

Jibu: Inaweza, na kwa maoni yangu hiki ndicho kinywaji cha kubuni kinachofaa zaidi kuanza nacho. Kilisikika kwanza kwenye redio ya BBC mwaka 1978, kikafika runingani mwaka 1981, na tofauti na vingine vingi kiliandikiwa maelezo ya hatua kwa hatua. Usihangaike na majina ya viungo. Tazama kazi ya kila kimoja. Kuna pombe kali ya msingi, maji ya bahari ya sayari ya mbali, jini yenye baridi kali, gesi inayopenyezwa kama mapovu, mnanaa unaoelea juu, jino la mnyama linaloyeyuka taratibu, na hatimaye zeituni.

Weka chupa za vodka na jini kwenye friza tangu asubuhi. Pombe ya asilimia 40 haigandi katika friza ya nyumbani, bali huwa nzito na laini mdomoni. Mimina toti moja ya kila moja (mililita 30), ongeza maji ya nusu ndimu, kijiko cha shira, na chumvi kidogo sana iliyoyeyushwa kwenye maji. Chumvi hiyo ndiyo bahari yetu, nayo haipo kwa mapambo, kwa sababu hupunguza uchungu na kuufanya utamu usikike vizuri zaidi. Jaza soda isiyo na ladha, kisha tumbukiza kipande kimoja cha sukari ya mchemraba kichukue nafasi ya lile jino, kikiyeyuka huku kikipandisha mapovu.

Mnanaa ndio unaowashinda wengi. Maelezo ya asili yanataka umiminwe juu ya mgongo wa kijiko ili uelee, na mbinu hiyo ni ya kweli kabisa katika baa, ila hutegemea uzito: shira ya mnanaa itazama mara moja kwa sababu sukari huifanya iwe nzito kuliko kilicho chini yake. Kwa hiyo loweka majani ya mnanaa katika vodka kwa saa moja, uyachuje, kisha mimina kijiko kimoja cha vodka hiyo taratibu. Itabaki juu na kuifikia pua kabla ya ulimi. Kipande cha limau ni cha lazima, kwa kuwa athari ya kinywaji hiki inasimuliwa kuwa sawa na kupasuliwa ubongo kwa kipande cha limau kilichozungushwa kwenye tofali la dhahabu. Glasi moja inamtosha mtu.

Swali kutoka Lang'ata: Nataka kutengeneza ile pombe ya buluu ya Waromulan, wale viumbe wa sayari nyingine katika Star Trek, lakini chupa ya curaçao ni ghali. Kuna njia nyingine?

Jibu: Ipo. Curaçao ni pombe tamu inayotiwa ladha kwa maganda makavu ya chungwa liitwalo laraha, linalokua katika kisiwa cha Curaçao, na ule ubuluu ni rangi iliyoongezwa tu. Loweka maganda ya machungwa katika vodka kwa siku mbili, ukiepuka sehemu nyeupe iliyo chungu, na ladha utakuwa umeipata.

Kwa rangi, katakata kabeji ya zambarau, imwagie maji moto, chuja, kisha tia chembe chache za bikaboneti ya soda inayotumiwa kuokea. Maji hayo hugeuka buluu, kwa sababu rangi ya kabeji hii hubadilika kufuatana na ukali wa asidi. Ukitia ndimu yanakuwa ya waridi. Hapo ndipo penye ugumu, maana kokteli isiyo na ukali wa ndimu hupooza. Mimi ningempelekea mgeni glasi ya buluu pamoja na kikombe kidogo cha maji ya ndimu, ayamimine mwenyewe na kuishuhudia rangi ikigeuka mbele ya macho yake. Tumia vijiko viwili au vitatu tu vya maji ya kabeji ili harufu yake isitokeze.

Swali kutoka Kasarani: Katika The Mandalorian kuna spotchka, kinywaji cha buluu kinachong'aa. Naweza kukifanya king'ae bila kuhatarisha mtu?

Jibu: Nunua tonic, ile soda chungu. Kwinini iliyomo, ileile inayoifanya iwe chungu, hung'aa kwa rangi ya buluu ikimulikwa na miale ya urujuanimno, na taa ndogo ya kukagulia noti kama zile za madukani inatosha. Punguza taa nyingine za chumba. Usivunje vijiti vya plastiki vinavyong'aa ndani ya kinywaji, na mtu aliyewahi kudhurika na kwinini asipewe.

Swali kutoka Embakasi: Je, waigizaji hunywa pombe ya kweli?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Wiski huwa ni chai au maji yaliyotiwa rangi, na mara nyingi barafu ni ya plastiki ili isiyeyuke wala kugonga glasi wakati wa kurekodi.

Swali kutoka Buruburu: Nataka kuwawashia wageni Flaming Moe ya The Simpsons, na pia kutumia barafu kavu ili glasi zifuke moshi. Unanishauri nini?

Jibu: Katika kipindi hicho cha mwaka 1991 siri ya kinywaji ni dawa ya kikohozi ya watoto pamoja na moto. Dawa ya kikohozi usiitumie kamwe, kwa kuwa baadhi yake zikichanganyika na pombe hulegeza upumuaji. Shira ya zambarau iliyochemshwa na tangawizi na karafuu itakupa ladha inayokumbusha dawa ya kifua, na inanywika vizuri.

Kuhusu moto, pombe ya asilimia 40 haitoi mvuke wa kutosha kuwaka hadi ifikie nyuzi 26 hivi, na jioni za Nairobi ni baridi kuliko hapo. Mtu akiona haiwaki huongeza pombe kutoka kwenye chupa, na mwali hupanda ukaingia chupani. Weka ganda la nusu ndimu lielee juu ya kinywaji, litie kijiko cha ramu kali iliyopashwa moto kidogo, uliwashe, ulizime kwa kulifunika na kisosi, na usubiri ukingo wa glasi upoe.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ina ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa huunguza koo na tumbo. Mwaka 2012, mjini Lancaster, Uingereza, msichana aliyekunywa kokteli yenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, ambayo nayo ni baridi kali, alilazimika kuondolewa tumbo lake. Iweke barafu kavu kwenye bakuli lenye maji kando ya glasi, madirisha yakiwa wazi, na moshi utauona uleule.

Swali kutoka South C: Nyumbani kwetu hatunywi pombe. Tushiriki vipi?

Jibu: Star Trek yenyewe imewafikiria watu wanaotaka kukaa mezani bila kulewa, kwani katika meli yao ya angani huandaliwa synthehol, pombe ya bandia ambayo ulevi wake mtu huweza kuuondoa mara moja. Ninyi chukueni ukwaju uliolowekwa, tangawizi iliyosagwa, shira na soda baridi. Ukali wa ukwaju na mwasho wa tangawizi hujaza pengo la pombe, jambo ambalo sharubati ya dukani haiwezi.

Swali kutoka Umoja: Tukiuza glasi hizi kwenye sherehe, tunaweza kutumia pombe ya mtungi ili kupunguza gharama?

Jibu: Hapana. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, na wengine wakapofuka. Limau na rangi vitaificha methanoli, havitaiondoa. Nunueni chupa yenye stempu ya ushuru, muikague kwa programu ya simu ya Soma Label ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kuuza kunahitaji leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe.