Chenga za mawe ya kijani na batiki

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa Ruangwa, natengeneza batiki na ndoto yangu ni kuja kubuni khanga. Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo, vile vichenga vya gaineti ya kijani, aina ya kito, visivyouzika huwa ananipa. Sasa kila nikivichora kwenye kitambaa vinatoka kijani tupu, havina uhai kabisa. Na nyumbani wanasema jiwe ni la kuuza sio la kukaa unaliangalia. Nikomae au niache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Komaa, tena komaa kweli. Chenga ambalo broka hataki hata kulishika linaweza kukupa doti nzima ya khanga, mimi hasara siioni.

Nahisi shida ni kwamba unalichora jiwe likiwa peke yake, limeshaoshwa linang'aa. Mwambie mjomba akuletee kipande ambacho kijani bado kimeng'ang'ania kwenye mwamba wake. Hiyo gaineti kitaalamu inaitwa tsavorite, jina limetoka Tsavo ya Kenya ingawa Campbell Bridges aliipata kwanza hapa hapa Tanzania, Simanjiro, mwaka 1967, na kwa kawaida inakaa kwenye mwamba wenye madini ya kinywe, haya haya meusi ya Ruangwa ambayo ukiyagusa tu vidole vinakuwa na masizi. Na hazijakutana kwa bahati. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mwamba ule ulikuwa tope la chini ya bahari limejaa mabaki ya viumbe, ardhi ikalikandamiza ikalipika, yale mabaki yakageuka kinywe, na vanadiamu, aina ya metali, iliyokuwa kwenye tope hilo hilo ndiyo ikaipa gaineti ukijani wake. Yaani weusi na kijani ni ndugu wa tumbo moja, wewe umemchora mmoja ukamwacha mwenzie ndo maana picha imepooza! Hata penseli unayochorea ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Kwa batiki hii ni kazi yako kabisa. Kitambaa kichovye kijani kwanza, kikikauka funika kwa nta zile sehemu za jiwe, acha nta igande vizuri halafu ikunje kunje kwa mkono ipasuke, ndo uchovye nyeusi. Rangi nyeusi itapenya kwenye nyufa na utapata mishipa myembamba inayopita katikati ya kijani. Ukitaka kujua mishipa ipite wapi azima ile lenzi ndogo ya mabroka inayokuza mara 10, angalia chenga juani huku unaligeuza taratibu, humo ndani kuna nyufa, kuna ukungu, kuna vitone vyeusi. Broka anaviita kasoro na vinashusha bei, kwako ndo mchoro wenyewe huo.

Kwa khanga sasa mimi ningeenda kwenye gaineti nyekundu za kawaida, zile zinazotoka ardhini na umbo lake kamili. Nyingi zina pande 12 na kila upande umekaa kama uru wa karata. Ukilishika jiwe kona moja ambapo pande tatu zinakutana ikutazame usoni, unaona uru tatu zimeungana zikatengeneza umbo la pembe sita, na maumbo hayo ukiyapanga yanashikana bila kuacha nafasi hata kidogo, kwa hiyo unaweza kujaza mji wote wa khanga kwa jiwe moja tu unalorudia rudia. Uru moja ipe rangi iliyokolea, ya pili ya kati, ya tatu nyepesi, utaona kitambaa kinainuka chenyewe. Pindo liache jeusi.

Usisage mawe kupata rangi, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Na mawe yenye thamani mjomba ayapeleke soko la madini kama utaratibu unavyotaka, nyumbani waridhike, wewe chenga zinakutosha.